Nati Mbili za Nyuma

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, lori lenye umri wa miaka sitini na mbili lilifunga breki kona ya kwanza baada ya gereji, na kiti chake cha mbele kikapiga magoti. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Kilikuwa kiti kimoja kirefu cha kukaa watu watatu, kimewambwa ngozi mpya ya kahawia. Miguu yake ya mbele ilibaki palepale ilipofungwa, ya nyuma ikang'oka sakafuni, na kiti kizima kikainamia mbele pamoja na waliokikalia. Fundi aliyeshika usukani alichubuka kifua. Mwenye lori, mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, alijigonga kwenye dashibodi na kuvunjika mtulinga.

Waliokimbilia walimkuta Mwalimu amekaa kando ya barabara, ameshika bega, yeye aliyeumia ndiye anayemfariji fundi. Mkokoteni wa ndoo uliokuwa umewakatiza ulishatokomea. Mwenye mkokoteni alikuwa na akili zake.

Saa tano kasoro robo akafika askari wa usalama barabarani, mwanamke mfupi mwenye cheo cha sajini. Kituoni walishasahau jina lake la kweli, walimwita Kwanini, na ukikaa naye dakika tano hutauliza sababu. Mkuu wake alikuwa amemwambia kwenye simu: "Sajini, hiyo ni ajali tu. Fundi mwenyewe ameshakiri hakukaza bolti. Mchukue maelezo, asaini, saa kumi karatasi iwe mezani kwangu. Na nakuomba, leo usinianzishie."

Hakuanzisha chochote. Alipanda tu kwenye kebini kutazama, na kutazama si kosa.

Kiti kilikuwa kimefungwa kwa bolti nne, kila mguu na yake. Bolti ziliingia kutoka juu: kichwa kimebaki kwenye mguu wa kiti, mkia umepita sakafu na bamba la chuma, na nati imekazwa kwa chini. Bolti mbili za mbele zilikuwa imara. Za nyuma zilikuwa zimechomoka na kulala sakafuni, nzima, hazikupinda wala kukatika. Nati zake hazikuwepo.

"Bolti haikuvunjika," Sajini aliandika daftarini. "Nati ilitoka. Kwa nini zote mbili, tena safari moja?"

Akavua kofia, akaingia chini ya lori na sare yake, watu wakimtazama. Nati moja ilikuwa imenasa juu ya boriti ya chasisi. Ya pili aliipata baada ya kurudi nyuma kwa miguu, macho chini, hadi hatua kumi kutoka geti la gereji. Kila nati ilikuwa na mstari wa rangi ya njano usoni. Akazitia kwenye bahasha mbili, akarudi kwa Mwalimu aliyekuwa anangoja gari la hospitali.

"Pole sana, Mwalimu. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Hatukuwa tunakwenda popote, mwanangu. Kosa ni langu." Mwalimu alikunja uso kwa maumivu. "Fundi ana desturi yake. Gari likitoka mikononi mwake, mara ya kwanza analizungusha mwenyewe uani, polepole, gia ya kwanza, peke yake. Mimi nikamng'ang'ania. Lori lilikuwa la baba yangu. Kwenye kiti hicho ndipo aliponifundisha kuendesha, nikiwa nimekalia mto ili nione mbele. Nikamwambia, fundi, nipeleke mpaka kona tu. Akanihurumia, tukatoka getini."

"Kuna aliyewaona mkitoka?"

"Wote. Hata binti yake, yule anayepaka rangi, alitukimbilia na brashi mkononi. Anapiga kelele, baba, subiri, mlango haujakauka! Tulikuwa tumeshaingia barabarani. Nikampungia mkono tu."

Sajini alitazama kiganja chake. Alikuwa ameushika mlango huo alipopanda, kwa mkono mzima. Mkono ulikuwa na vumbi na mafuta ya chini ya lori, rangi haikuwepo hata chembe.

*

Gereji ilikuwa ua mpana wenye paa la mabati upande mmoja. Ilikuwa kazi ya familia. Mzee, ambaye wateja walimwita Mzee Spana, alikuwa fundi mkuu, na ndiye aliyeshika usukani asubuhi ile. Mkwe wake alikuwa fundi wa pili. Binti yake, mke wa huyo mkwe, alikuwa fundi wa rangi. Kwenye ukuta wa jirani kulikuwa na kibanda cha fundi wa viti, jamaa mmoja mwembamba aliyeitwa Sindano.

Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi, ameshavua ovaroli. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mabega mapana, mikono iliyojaa makovu.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo karatasi."

"Karatasi haina miguu, haitakimbia. Nieleze kwanza."

Mzee alishusha pumzi. "Jana saa tisa alasiri tulikiweka kiti. Mkwe wangu juu, anashika vichwa vya bolti. Mimi chini, nakaza nati. Zote nne kwa vidole kwanza, halafu kwa spana, mshazari: mbele kushoto, nyuma kulia. Ukianza upande mmoja kiti kinakaa shingo upande. Za mbele nazikumbuka."

"Na za nyuma?"

"Nakumbuka kuzikaza. Ila nimekaza nati miaka arobaini na tatu. Hiyo ninayoikumbuka inaweza kuwa ya jana, inaweza kuwa ya mwaka juzi." Alitazama viganja vyake. "Mtoto wa watu nimemvunja bega. Mwandikie mkuu wako Mzee amechoka. Leseni waichukue. Sitaki kushika gari la mtu tena."

Sajini alikuwa amewahoji wazembe wengi, na wote huanza kwa kumlaumu mwingine. Huyu alijilaumu kabla hajaulizwa, na jambo hilo lilimwasha Sajini kama upupu. Hata hivyo hakuna aliyeweza kumwambia Mzee kama mikono yake bado ni ya kuaminika au la. Zilizojua zilikuwa nati mbili ndani ya bahasha.

Akamfuata mkwe, mwanamume mkimya wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa anapanga vifaa ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa.

"Huu mstari wa njano ni wa nini?"

"Ni sheria ya Mzee, afande. Anayekaza hapaki, anayepaka hakukaza. Yeye akishakaza, mimi naingia chini na spana yangu, najaribu kila nati. Ikiwa imekaa, napaka mstari mmoja, kutoka kwenye nati mpaka kwenye mkia wa bolti. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Unaona kwa macho."

"Na jana ulijaribu zote nne?"

Mkwe alishika bisibisi, akaiweka, akaishika tena.

"Za mbele nilizijaribu."

"Nimekuuliza nne."

"Za nyuma nilizigusa tu kwa mkono. Mzee alikuwa amesimama pale, ananitazama. Sasa afande, baba mkwe wako utampimaje mbele ya macho yake?"

"Kwa spana," alisema Sajini. "Na leo asubuhi?"

"Nilipiga tochi kabla gari halijatoka. Zile za nyuma zimejificha juu ya boriti, kinachoonekana ni uso wa nati tu. Mistari ilikuwa minne, yote mizima. Nikasema twende."

"Mzee akiacha kazi, gereji inakuwa ya nani?"

Uso wa mkwe ulibadilika. "Yangu. Kila mtu anajua. Na kila mtu anajua haachi. Tangu jeki iteleze mwezi wa pili, lori likamkosa kidogo tu kifuani, mke wangu anamlilia kila siku apumzike. Mzee anamjibu neno lilelile, tena anacheka: siku nati niliyoikaza mimi italegea, siku hiyo nitaweka spana chini. Na wewe afande usinitazame hivyo. Nimekula chakula cha mzee huyu miaka kumi na minne."

"Ndio maana nakutazama," alisema Sajini. Hakusema kwa ubaya.

*

Fundi wa rangi alikuwa nyuma ya ua, anapiga msasa bawaba ya mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, dada."

"Ni thina hii ya kufutia rangi," alijibu haraka. "Inauma macho."

Sajini aliinama kutazama bawaba zilizotundikwa kwenye waya. Yeye ni mtu wa kuuliza hata kisichomhusu, na mara nyingi hicho ndicho kinachomfaa.

"Mbona hizi za kijivu? Lori si la kijani?"

"Hiyo ni praima. Rangi ya chini. Chuma kitupu ukikipaka rangi moja kwa moja, mwezi haupiti kimebanduka."

"Hata kitu kidogo kama bawaba?"

"Hata kichwa cha msumari." Binti alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Mume wangu ananicheka. Anasema siku moja nitampaka mtoto praima kabla ya kumvisha sare ya shule. Ni mkono tu, afande, umeshazoea. Hata nikiwa na haraka siwezi kuiruka."

"Mlango wa lori uliupaka lini?"

"Jumatatu."

"Jana uliondoka hapa saa ngapi?"

"Kama saa kumi na mbili u nusu jioni. Wao walitangulia saa kumi na moja, mimi nikabaki kumalizia bodi ya nyuma."

"Peke yako? Hakuna aliyeingia?"

Binti alisita. "Fundi wa viti alirudi kuchukua mkasi wake. Lakini yule hana ubaya na mtu."

Asiye na ubaya na mtu alikuwa, kumbe, ameshagombana na Mzee wiki nzima. Majirani walimwambia Sajini bila hata kuulizwa. Sponji ya kiti ilikuwa imezidi vidole viwili. Mzee akamfumulisha mshono mara mbili mbele ya wateja. Mara ya pili Sindano alitupa uzi chini na kusema, watu wakisikia: "Kiti hiki kitakuja kuwatupa!"

Sajini alimkuta kwenye cherehani, saa nane na dakika ishirini. Alipoona sare tu, Sindano akainua mikono yote miwili.

"Nilisema, sikatai. Nilisema kitawatupa. Lakini ile ilikuwa hasira ya sponji, afande, si hasira ya binadamu! Mtu umeshona ngozi siku tatu, unaambiwa fumua, dereva kichwa kitagusa paa. Na kweli kiligusa. Hilo ndilo lililoniuma."

"Jana ulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja u nusu. Nikachukua mkasi wangu juu ya pipa, nikaenda zangu. Spana mimi hata sijui inashikwa upande gani."

"Ulimwona nani?"

"Fundi wa rangi peke yake. Amekaa kwenye ngazi ya lori, anahema. Nikamtania, leo shemeji umekuwa mekanika, grisi mpaka kwenye kiwiko. Akacheka, ila cheko la kunifukuza."

"Grisi au rangi?"

"Afande!" Sindano alikasirika kabisa. "Mimi nashona ngozi nyeupe. Grisi naijua kuliko ninavyomjua mwenye nyumba wangu."

Sajini akavuta kigoda, akakaa chini ya taa ya cherehani, akamwaga nati mbili mezani pamoja na bolti zake.

"Niazime sindano, Sindano."

Akaanza na nati ya kwanza. Aliigeuza mbele ya mwanga, akaileta karibu na jicho. Mstari wa njano ulikuwa umenyooka vizuri kutoka pembe ya nati mpaka ukingo wa tundu, halafu ukaendelea. Ulikuwa umeteremka ndani ya tundu, rangi imekaukia kwenye meno ya ndani ya nati. Ya pili vilevile.

"Kaka, hebu niambie. Nati ikikazwa, tundu lake linakuwaje?"

"Linajaa bolti, si ndivyo?"

"Linajaa, na mkia unachungulia nje. Sasa rangi ingepita wapi kuingia humu ndani?"

Sindano aliacha kukanyaga cherehani. "Haingeingia."

"Haingeingia. Nati hii ilipopakwa rangi, tundu lilikuwa wazi. Ilikuwa imening'inia kwenye ncha ya bolti, imeshikwa na meno mawili matatu. Aliyepaka aliona kabisa kwamba imelegea, akapaka."

"Basi ni mkwe! Mpakaji si ni yeye?"

Sajini alikuwa anakwaruza mstari kwa ncha ya sindano, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Njano ilitoka. Chini yake palikuwa na kijivu. Chini ya kijivu kulikuwa na chuma kinachong'aa, kimesafishwa, hakina hata doa la grisi.

Akasimama bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye lori lililokuwa limevutwa na kurudishwa uani, akaingia chini tena na tochi, akakwaruza nati za mbele. Pale njano ilibanduka kwa ukucha tu. Chini yake palikuwa na grisi, basi.

Simu ikalia akiwa bado amelala chali. Ilikuwa saa tisa kasoro tano.

"Sajini, karatasi iko wapi?"

"Bado, afande."

"Kwa nini?"

"Leo umeanza wewe," alisema Sajini, akakata.

*

Saa tisa na robo aliwakusanya chini ya paa la mabati: Mzee juu ya tairi lake, mkwe amesimama, binti amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Sindano alikuja pia, hakualikwa, akasimama mlangoni. Sajini alitandika kitambaa safi juu ya meza ya kazi, akaweka nati mbili.

"Mzee, kabla hujasaini. Asubuhi nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza: ulisahau kukaza, na mkweo akapaka rangi kwa heshima tu. Ya pili: mkweo aliziona zimelegea, akanyamaza, kwa sababu gereji ina mrithi. Ya tatu: mtu mwenye hasira alikuja baadaye akazilegeza."

"Ya kwanza," alisema Mzee. "Nimeshasema."

"Ya tatu haiwezi kuwa hivihivi. Angelegeza, mstari ungekatika, na asubuhi mkweo angeuona. Mistari ilikuwa mizima. Nikakwama hapo." Aliinua nati moja. "Mpaka nilipoona rangi ndani ya tundu. Mstari huu ulipakwa nati ikiwa imeshalegea. Je, ni mstari wa mkweo? Nimekwaruza aliyoipaka yeye kule mbele. Ameipaka juu ya grisi, kama mafundi wote. Hii ya nyuma imefutwa kwa thina mpaka chuma kikang'aa, ikapakwa praima ya kijivu, ikaachwa ikauke, ndipo njano ikafuata. Nauliza tu. Hapa ndani nani anapaka nati praima?"

Mkwe alikuwa ameanza kugeuka kumtazama mkewe, akaishia njiani.

"Mtu huyo alifuta mstari wa kwanza," Sajini aliendelea, "kwa sababu alijua akiizungusha nati, mstari utamsema. Na mtu hahangaiki kufungua nati ambayo haijakazwa. Mzee, zile nati zilikuwa zimekazwa."

Mzee alinyanyuka. Uso wake ulifunguka, akacheka, kweli alicheka, akapiga paja.

"Kwa hiyo nilizikaza! Si niliwaambia? Nilizikaza!" Akageuka kumwambia binti yake, kama alivyozoea kumwambia yeye kwanza kila jambo jema. Alipomwona jinsi alivyokaa, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mama," alimwita, kama alivyomwita tangu utoto. "Mama, sema si wewe."

Binti alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu.

"Dada," alisema Sajini kwa upole, "mlango uliupaka Jumatatu. Leo ulikimbia na brashi ukilia haujakauka. Ulikuwa unataka lisitoke."

"Nilitaka lisimame," binti alisema. "Nilishindwa kusema ukweli hata wakati ule. Neno la kwanza lililokuja ni mlango." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kila gari linaanza kwa kuzunguka ua, baba ndani peke yake, gia ya kwanza. Miaka yote hiyo sijaona likitoka getini kwanza. Nikajua kiti kitainuka kidogo tu nyuma, atashtuka, atashuka aone nati zake zimelegea. Yeye mwenyewe alisema. Siku hiyo nitaweka spana chini. Nilikuwa naitafuta siku hiyo, basi. Ilikuwa haiji yenyewe."

"Ukaniacha mimi nibebe?" mumewe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpakaji ni mimi. Wangesema ni mimi."

"Ningesema."

"Lini? Tangu saa nne asubuhi hata pole hujaniambia!"

Sajini hakumtetea binti. Mwalimu, mama wa watu, alikuwa hospitali, amefungwa bega, hajui hata kwamba alikalia ugomvi wa baba na binti.

Mzee alikuwa amekaa tena. Alitazama zile nati, halafu akanyoosha mkono kwa Sajini.

"Lete karatasi nisaini."

"Mzee wangu, karatasi inasema hukukaza."

"Najua inavyosema. Lete. Mimi ni mtu mzima, watanichukulia leseni, nitakwenda nyumbani. Huyu ana watoto."

"Siwezi kukusainisha uongo."

"Asubuhi ulikuwa tayari!"

"Asubuhi nilikuwa sijajua."

"Usisaini, baba," alisema binti. "Tafadhali. Nimekufanya ujione umekwisha, tangu asubuhi nakuangalia umekaa hapo. Usinibebee na hili."

Mzee akaurudisha mkono. Alipouliza tena, aliuliza kama fundi, sauti ya kazini.

"Ulizifungua kwa spana gani?"

"Ya kumi na tisa."

"Ikatosha?"

"Haikutosha. Ilinishinda kabisa. Nikachomeka bomba kwenye mpini, nikalala chali, nikasukuma kwa miguu miwili. Ya kwanza ilinichukua robo saa. Ya pili karibu niiache."

"Sasa, mama." Mzee aliinamia mbele. "Ilipokushinda hivyo, hukujua kwamba baba yako bado yupo?"

"Nilijua." Binti alimtazama usoni. "Nilijua palepale nimelala chini ya lori. Ndipo nikaogopa zaidi. Nikasema huyu haachi, mikono haitamwambia aache, jeki ndiyo itamwachisha. Nikasukuma tena."

Sindano, pale mlangoni, aligeuka akaenda zake. Mkwe alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye gurudumu.

Sajini aliigeuza karatasi upande mweupe, akaiweka mezani kando ya nati, akamsogezea binti kalamu. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Andika mwenyewe, dada. Tangu jana saa kumi na moja."

Binti alishika kalamu, hakujua aanzie wapi. Mzee alivuta tairi lake kwa mguu mpaka ubavuni mwake, akakaa.

"Anza na jeki," alisema. "Andika kwamba ulinililia miezi yote hiyo, nikakucheka. Halafu andika ya nati. Halafu mwisho uweke kwamba mimi ndiye niliyetoka na Mwalimu getini bila kuzunguka ua. Hilo ni langu, usiliandike kama lako."

Binti akaandika.